Askari anaweza kumlinda kasa. Tumbawe nani atalilinda?

Watu wa Nakuru wakijua kwamba mimi ni mtu wa pwani, swali la bahari wanaloniuliza mara nyingi ni la kasa. Wameona picha zake, wamesikia kwamba anakwisha, na wanataka kujua kama ni kweli. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za tumbawe. Siwalaumu, maana kule nyumbani desturi ni hiyo hiyo. Vitoto vya kasa vikiachiliwa kuingia baharini, watu hukusanyika, simu hutolewa kupiga picha, na mheshimiwa hupata nafasi ya kuhutubia. Mwamba ukifa chini ya maji, hakuna anayehudhuria.

Kasa na tumbawe wote ni wanyama, wote ni wa bahari yetu, na wote hutajwa katika sentensi moja kila inapozungumzwa hatari ya kutoweka kwa viumbe. Lakini hatari zao si za namna moja, na dawa zao pia si moja. Tukiwatia kapu moja tutaendelea kushangilia ushindi wa mmoja huku mwenzake akitutoka. Mahali paliponisaidia kulielewa jambo hili ni mbali na bahari, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kutoka Mombasa: Mbuga ya Ziwa Nakuru. Nitafika huko, lakini kwanza tuwatazame hawa wawili wetu.

Kasa na mikono ya watu

Katika maji ya Kenya kuna aina tano za kasa, na tatu kati yao hutaga kwenye fukwe zetu. Anayejulikana zaidi ni kasa wa kijani, anayekula majani ya bahari. Mwingine ni ng'amba, mwenye mdomo kama wa kasuku, ambaye hutafuta chakula chake kwenye miamba.

Jike hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo, hutaga mayai mia moja hivi au zaidi, hufukia na kurudi majini. Baada ya miezi miwili hivi vitoto hutoka mchangani na kukimbilia mawimbi. Njiani wanawasubiri kaa na ndege, na majini wanawasubiri samaki. Wachache mno hufikia ukubwa. Hao wachache nao huchukua muda: kasa wa kijani anaweza kupita miaka ishirini, hata thelathini, kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Akiwa tayari, husafiri mamia ya kilomita kurudi upande ule alikozaliwa. Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kasa ni shahidi wao.

Kwa hiyo anayemuua jike mmoja mkubwa hajaua kasa mmoja tu. Ameua yule aliyesalia katika kundi kubwa la vitoto, baada ya kungojewa miaka ishirini na zaidi.

Na nani anamuua? Historia ni ndefu. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karibu miaka 2000 iliyopita, kile kiitwacho Periplus, kinataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa katika pwani yetu. Magamba ya ng'amba yalitengenezewa vitana na mapambo ng'ambo. Wavuvi wa zamani walimtumia chazo, yule samaki anayejibandika kwenye mwili wa wenzake: walimfunga kamba mkiani, wakamwachilia amwendee kasa, kisha wakavuta. Nyama ililiwa, mafuta yakahifadhiwa kama dawa, mayai yakachimbwa.

Siku hizi hatari imebadilika sura. Kasa hunaswa kwenye jarife lililotegewa papa, akashindwa kupanda kuvuta pumzi, akafa maji. Humeza ndoana. Huingia kwenye nyavu za meli zinazokokota kamba. Humeza mfuko wa plastiki akidhani ni yavuyavu. Taa za hoteli huvipoteza vitoto vinavyotafuta mwanga wa bahari, na kuta zinazojengwa ufukweni humnyima mama yao mchanga wa kutagia.

Itazame tena orodha hiyo. Kila kitu ndani yake kina mwenyewe. Jarife lina mvuvi, taa ina hoteli, ukuta una mwenye kiwanja, mayai yana mchimbaji, nyama ina mnunuzi. Unaweza kumfuata mtu huyo, ukamwomba, ukamfunza, ukamshitaki au ukamlipa.

Na ndivyo inavyofanyika. Watamu, tangu mwaka 1997, kuna kazi ambayo leo iko mikononi mwa shirika la Local Ocean Conservation. Mvuvi akimkuta kasa kwenye wavu wake hupiga simu. Watu huja, humpima kasa, humtia alama. Aliye mgonjwa hupelekwa kutibiwa, mzima hurudishwa majini. Mvuvi naye hupewa kitu kidogo cha kufidia taabu yake. Viota hulindwa usiku. Maelfu ya kasa wamerudi baharini kwa njia hii, mmoja mmoja. Hilo neno, mmoja mmoja, lishike, maana ndilo siri ya kasa. Anauawa mmoja mmoja, na anaokolewa mmoja mmoja.

Tumbawe na joto la maji

Tumbawe ni mnyama. Hilo linahitaji kusemwa waziwazi, kwa sababu sisi watu wa pwani tumelizoea kama jiwe. Nyumba za mji wa kale wa Lamu zimejengwa kwa mawe yake, Gedi vilevile, na chokaa iliyopaka kuta za babu zetu ilichomwa kutokana nayo. Lakini jiwe lile ni mifupa tu. Likiwa hai, juu ya jiwe huishi maelfu ya wanyama wadogo, wengi wakiwa na ukubwa wa punje ya mtama au mchele, kila mmoja na mdomo wake na vidole vyake laini vya kunasia chakula. Wanajenga nyumba pamoja, kizazi juu ya kizazi, na aina zile nene za mviringo hukua sentimita moja tu hivi kwa mwaka. Kichwa cha tumbawe chenye kimo cha mtu mzima kinaweza kuwa na umri kuliko mtu yeyote aliye hai.

Ndani ya mwili wa kila mnyama huyo kuna wapangaji: mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani hutumia jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa humpa mwenye nyumba. Ndiye pia anayempa rangi, ile kahawia, kijani na manjano tunayoiona tukichungulia kutoka kwenye boti ya kioo.

Mkataba huu una sharti moja: maji yasipate joto kupita kiasi. Ikiwa bahari itapanda nyuzi moja tu ya Selsiasi juu ya joto la kawaida la mwezi wake wa joto kali, na ikakaa hivyo kwa wiki kadhaa, mwani huanza kumdhuru mwenyeji wake naye humfukuza. Rangi huondoka, mifupa myeupe huonekana kupitia ngozi. Huko ndiko kupauka. Tumbawe lililopauka halijafa bado, lina njaa. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi. Yasipopoa, mnyama hufa, jiwe huota ukungu na magugu, na baada ya miaka mawimbi hulivunja.

Kwetu hatari ni kubwa Machi na Aprili, wakati wa maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, bahari imetulia kama kioo na jua linapiga moja kwa moja. Mwaka 1998, joto la El Niño lilipofika, sehemu nyingi za miamba ya Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai kwa msimu mmoja. Mwaka 2016 kupauka kukarudi. Mwaka 2024 kukarudi tena, na mwezi Aprili mwaka huo wanasayansi wakatangaza kwamba dunia nzima imo katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe, Kenya na Tanzania zikiwamo.

Sasa tafuta mwenyewe. Nani alilitia joto lile? Wavu uko wapi wa kukamata? Simu apigiwe nani? Joto lile limetokana na makaa ya mawe na mafuta yaliyochomwa miaka mingi katika nchi nyingi, mengi yakichomwa na watu ambao hawajawahi kuiona Watamu wala kusikia jina la Wasini.

Ziwa Nakuru: uzio uliofaulu na uzio ulioshindwa

Hapa ndipo ninapowaomba mpande nami huku juu.

Mwaka 1968 serikali ilitangaza mbuga za bahari za Malindi na Watamu. Mwaka huo huo Ziwa Nakuru, lililokuwa tayari makao ya ndege yaliyolindwa, likapandishwa kuwa mbuga ya taifa. Ni kama ndugu waliozaliwa mwaka mmoja, mmoja pwani na mwingine bondeni.

Katika miaka ya 1980 mbuga ya Nakuru ilizungushiwa uzio wa umeme pande zote. Sababu ilikuwa kifaru. Kenya ilikuwa na vifaru weusi karibu 20,000 mnamo 1970, na kabla ya miaka ishirini kupita walibaki chini ya 400. Waliuawa kwa ajili ya pembe, mmoja mmoja, na watu wenye bunduki. Wachache waliosalia wakakusanywa mahali kama Nakuru, wakawekewa uzio na askari usiku na mchana. Leo vifaru weusi wa Kenya wamepita 1,000. Uzio ulifanya kazi yake.

Lakini umaarufu wa Nakuru duniani haukutokana na kifaru. Ulitokana na heroe, ambao wengi tunawaita flamingo. Picha za zamani zinaonyesha ukingo wa ziwa ukiwa waridi mtupu, na kuna miaka walikadiriwa kufika milioni moja. Walifuata chakula: mwani mdogo wa kijani uitwao spirulina, unaostawi katika maji ya magadi. Hata ile rangi yao ya waridi inatokana na chakula hicho, kama rangi ya tumbawe inavyotokana na mwani wake.

Kuanzia mwaka 2010 hivi, maji ya ziwa yalianza kupanda na hayakurudi. Ziwa lililokuwa na eneo la kilomita za mraba 40 hivi lilikaribia 70 kufikia mwaka 2020. Lango kuu la zamani la mbuga likafunikwa. Huko Mwariki, mtaa wa Nakuru ulio kando ya ziwa, nyumba za watu ziliingia majini, na hadi leo utaona kuta zilizoachwa. Mvua nyingi zilichangia, pia ukataji wa miti katika milima inayolisha mito ya Njoro, Makalia na Nderit, na udongo ulioteremka na mito hiyo. Maji baridi yaliyoingia yakaizimua magadi, mwani ukapungua, na heroe wengi wakaondoka. Utawapata zaidi Bogoria kuliko Nakuru.

Uzio ulikuwa wapi wakati huo? Palepale. Waya ulikuwa na umeme, askari walikuwa zamu, kifaru alikuwa salama. Lakini uzio huzuia mtu, hauzuii maji kubadilika. Adui wa kifaru alikuja kwa miguu akakutana na waya. Adui wa heroe alikuja na mvua na mito, akapita chini yake.

Kasa ni kifaru wa bahari yetu. Tumbawe ni heroe wetu, ila kuna tofauti moja inayouma. Heroe ana mbawa. Maji ya Nakuru yalipomkataa aliruka kwenda Bogoria, na mpaka leo huvuka mpaka kwenda kuzaa Ziwa Natron, Tanzania. Tumbawe limejengwa kwenye mwamba. Likishaota mahali, hapo ndipo litakapoishi na ndipo litakapofia.

Habari mbili za Oktoba 2025

Kwa anayedhani nazungumza nadharia tupu, mwezi Oktoba 2025 ulituletea ushahidi wa pande zote mbili.

Mwezi huo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, lilimtoa kasa wa kijani katika daraja la walio hatarini kutoweka na kumweka miongoni mwa wasio na wasiwasi mkubwa. Idadi yake duniani imepanda kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Haina maana kwamba kila ufuo uko salama, na ng'amba bado yumo katika daraja la hatari kubwa kabisa. Lakini ni ushindi wa kweli, nao ni wa mikono ya watu: waliolinda mayai, waliobadilisha nyavu, waliopiga simu badala ya kuchinja.

Mwezi huo huo, ripoti ya wanasayansi wengi wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Exeter cha Uingereza ilisema kwamba matumbawe ya maji ya joto yanavuka kiwango ambacho hayawezi kustahimili, na kwamba sehemu kubwa yatapotea joto lisiporudishwa chini. Mwaka mmoja kabla yake, IUCN ilikuwa imetangaza kwamba asilimia 44 ya aina za matumbawe yanayojenga miamba ziko hatarini kutoweka.

Kuhusu bahari yetu hasa, mwaka 2021 kundi la watafiti likiongozwa na David Obura wa CORDIO, taasisi iliyoko Mombasa, lilipima miamba ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi kuanzia kwetu hadi Afrika Kusini na visiwani. Jibu lao lilikuwa kwamba miamba yote imo katika hatari ya kuanguka ndani ya miaka 50. Mtoto anayezaliwa Pate au Gazi leo atakuwa bado anavua.

Mmoja anapanda, mwingine anashuka. Si kwa sababu tunampenda mmoja zaidi, ingawa nadhani tunampenda. Ni kwa sababu kazi tunayoijua vizuri, ya askari, mpaka na faini, inamfaa mmoja zaidi kuliko mwingine. Mwaka 1998 matumbawe yaliyokuwa ndani ya mbuga za bahari yalikufa kama yale ya nje. Joto halikusoma ramani.

Tusimtenge kasa pia

Lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu wako watakaosema: basi, kasa amepona, tuhamie kwa tumbawe.

Kasa hajaachwa na joto. Jinsi ya kitoto cha kasa huamuliwa na joto la mchanga: mchanga ukizidi nyuzi 29 hivi, wengi huwa majike, na ukizidi sana mayai huharibika. Ng'amba hula viumbe vinavyoota kwenye miamba, kwa hiyo mwamba wake ukifa, na meza yake imekunjwa. Na fukwe zenyewe za kutagia zinalindwa na mwamba. Ile mistari myeupe ya mawimbi tunayoiona mbali tukiwa Nyali au Diani ni bahari ikivunjika kwenye matumbawe kabla haijatufikia. Mwamba ukianguka, mawimbi yatafika na kuula mchanga, kiota na msingi wa nyumba.

Vilevile tumbawe halijaachwa na mikono. Juya likikokotwa juu ya mwamba huvunja kilichojengwa kwa miaka hamsini. Nanga ya boti ya watalii hufanya hivyo hivyo kila siku. Maji taka ya miji yetu hulisha magugu yanayolifunika. Mto Sabaki unashusha Malindi udongo wa mashamba ya bara, na udongo hulizibia tumbawe jua, kama udongo wa mto Njoro unavyoingia Ziwa Nakuru.

Hivyo mikono ina nafasi kwa tumbawe pia, lakini tuielewe nafasi hiyo. Haizuii joto kuja. Inaamua kama mwamba utainuka baada ya joto kupita. Pono na tafi hula magugu kwenye jiwe lililokufa na kulisafisha, ili vitoto vya tumbawe vipate pa kushika. Mwamba wenye pono wengi hupata nafasi ya kuanza upya. Mwamba uliokombwa hadi samaki wa mwisho hubaki shamba la magugu.

Basi tufanye nini

La kwanza, tuulize maswali tofauti. Kaunti, hoteli au mradi ukisema unahifadhi viumbe wa bahari, tuulize: umefanya nini kwa kasa, na umefanya nini kwa tumbawe? Anayejibu maswali yote mawili kwa picha ya vitoto vya kasa hajalijibu la pili.

La pili, tuyape nguvu maeneo tengefu, yale ambayo wavuvi wenyewe wamekubaliana kuyapumzisha, kama walivyoanza Kuruwitu kaunti ya Kilifi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Najua si jambo jepesi kumwambia mwenye lema na watoto watano aache sehemu ya mwamba. Ndiyo maana fidia aliyopewa mvuvi wa Watamu kwa kumrudisha kasa mmoja ni somo la kuigwa: vikundi vya wavuvi vinavyopumzisha mwamba navyo vinastahili kulipwa kwa kazi hiyo, na pesa za watalii wanaokuja kuutazama mwamba ndizo za kulipia. Na kila mahali boti zinapokusanyika, pawekwe boya za kufungia kamba, nanga zisishuke juu ya tumbawe.

La tatu, tulinde kwanza sehemu zenye nafasi ya kuishi. Mtafiti Tim McClanahan, ambaye amechunguza miamba ya Kenya kwa miongo kadhaa, alieleza mwaka 2020 kwamba kuanzia Shimoni kwenda kusini hadi Dar es Salaam kuna ukanda ambao maji baridi ya kina kirefu huupunguzia makali ya joto. Ukanda huo unaweza kuwa Bogoria ya matumbawe yetu, mahali pa kusalimika. Hayawezi kuhamia huko, lakini yaliyoko huko yanaweza kubaki hai na mbegu zao kusafiri na mkondo, ambao mwaka mzima unatoka kusini kuja kwetu. Kila mradi unaoletwa kando ya Shimoni na Wasini upimwe kwa swali hilo, na Kenya na Tanzania zizungumze pamoja, kwa sababu mwamba hauna pasipoti.

La nne ndilo gumu, nalo linahusu joto lenyewe. Wengi husema hatuna la kufanya hapo, moshi si wetu. Ni kweli kwamba sehemu ya Kenya katika moshi wa dunia ni ndogo mno. Lakini si kweli kwamba hatuna sauti. Ilipopendekezwa kujengwa Lamu mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, watu wa Lamu walikataa, wakaenda mbele ya baraza la rufaa la mazingira, na mwezi Juni 2019 kibali kikafutwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hiyo ilikuwa kazi ya kulinda tumbawe, hata kama hakuna aliyeliita hivyo.

Na hapa bondeni kuna upande wa pili wa habari hiyo. Olkaria, karibu na Naivasha, ndani ya kaunti hii ya Nakuru, mvuke unaotoka ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Leo takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya unatokana na mvuke wa ardhini, bila kuchoma makaa. Kila mtambo wa Olkaria ni hoja mkononi mwa wajumbe wetu wanapokwenda mikutano ya dunia ya tabianchi: sisi tumeonyesha inawezekana, wenye moshi mwingi nao wapunguze, na walipie hasara wanayoitia bahari yetu. Tunapaswa kuwauliza wajumbe hao wakirudi kama matumbawe ya Kenya yalitajwa mezani. Ni swali la haki kwa mtu anayekula samaki.

La tano halihitaji mkutano wala pesa. Machi na Aprili kila mwaka, wakati wa maleleji, wavuvi, wapiga mbizi na waongoza watalii wako majini kabla ya mtafiti yeyote. Ukiona tumbawe limegeuka jeupe, shika tarehe, shika jina la mahali, piga picha kama unaweza, kisha uwape taarifa BMU ya eneo lako na watafiti walioko Mombasa. Tumeshajizoeza kupiga simu kasa akinaswa. Mwamba nao ukipauka, pigeni simu.